Nani Amemuuliza Mtoto?

Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda katika chumba kimoja cha kupanga huko Mbagala, dodoso likiwa mapajani, nikiorodhesha kila bidhaa iliyokuwamo ndani ya kaya ile: sabuni ya unga ya paketi ndogo, kipande cha sabuni ya mche, chumvi, majani ya chai, mafuta ya kula ya kupimiwa kwa Mangi, dawa ya mbu, kiberiti. Kazi hii inataka utulivu, kwa sababu mtafiti haishii kuuliza mnatumia nini. Anatakiwa akione kitu kwa macho yake, asome maandishi ya paketi, aandike uzito, bei na mahali kiliponunuliwa. Mama mwenye nyumba alikuwa akinitolea vitu kimoja kimoja kutoka kwenye ndoo aliyoifanya kabati, na binti yake wa darasa la tatu, baada ya kuniamkia, alikuwa amesogea mpaka begani kwangu.

Kila nilichokishika, yeye alikisoma kwa sauti. Alianza na jina la bidhaa, akashuka kwenye maelezo, akasoma "hifadhi mahali pakavu", akasoma "tikisa kabla ya kutumia", akasoma "weka mbali na watoto", kidole chake kikifuata herufi ndogo ambazo mimi nilizihitajia miwani. Alipofika kwenye neno la Kiingereza alilikata silabi kwa silabi kama la Kiswahili, akaridhika nalo, akaendelea. Vitu vilipokwisha akaniuliza, "Anti, na hiyo karatasi yako nisome?"

Nikampa. Akaisoma yote, na mimi nikamsikiliza akipita kwenye vinywaji, vipodozi, viua wadudu na vocha za simu, mpaka akafika chini. Dodoso lile lilikuwa na nafasi ya karibu kila kitu kinachoweza kununuliwa na familia ya Dar es Salaam. Halikuwa na mahali pa kuandika kitabu.

"Dada, usimjali huyu," mama yake akasema, kama anayeniomba radhi. "Kila karatasi anasoma, hata ya kufungia maandazi."

## Sentensi iliyonikalia kichwani

Haikupita muda nikaalikwa kwenye kikao cha kupanga kampeni ya usomaji kwa watoto wa shule za msingi. Waliokuwapo walikuwa watu wema, wengine wakiwa wameipigania elimu kwa muda mrefu kuliko mimi, na walikuja na bajeti, ratiba na idadi ya makasha ya vitabu yatakayopelekwa mikoani. Katikati ya mazungumzo mmoja wao akasema kwamba tatizo la msingi ni kuwa watoto wetu hawapendi kusoma, na kwamba sisi Watanzania kwa jumla hatuna utamaduni wa kusoma. Wote wakaafiki, ikaandikwa kwenye muhtasari, kikao kikaendelea na ajenda iliyofuata.

Sentensi ile ilinifuata nyumbani, na mpaka leo haijaniacha.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita katika utafiti wa walaji, yaani watu wanaonunua na kutumia bidhaa. Nimekaa na watengenezaji wa sabuni, wa unga wa sembe, wa vinywaji na wa huduma za simu, katika siku zao nzuri na katika siku ambazo mauzo yameporomoka, na sijawahi kumsikia hata mmoja akilalamika kwamba watu wa Mbagala hawana utamaduni wa kufua. Mauzo yakishuka, mtengenezaji hukosa usingizi juu ya bidhaa yake mwenyewe: bei imezidi, paketi ni kubwa mno kwa mtu anayepata fedha yake siku kwa siku, harufu haipendwi, povu halitoshi kwa maji ya chumvi ya visima vya mjini, au duka linaloiuza liko mbali na njia ambayo kina mama hupita jioni. Ile paketi ndogo niliyoiona kwenye ndoo ya Mbagala ipo kwa sababu kuna mtu aliyeuliza, akasikiliza, kisha akakibadilisha alichokuwa akikiuza.

Sabuni ikidoda dukani, lawama ni za sabuni. Kitabu kikidoda kabatini, lawama ni za mtoto.

## Kura na sabuni

Nilisoma sosholojia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wenzangu wengi tuliohitimu pamoja waliona kwamba kuingia katika kampuni ya utafiti wa masoko ni kuiuza taaluma. Tulikuwa tumesoma juu ya matabaka, vijiji vya ujamaa na umaskini wa vijijini, halafu mmoja wetu anakwenda kuuliza watu wanapendelea sabuni ya rangi gani. Sikuwa na jibu la kuwapa wakati ule, mpaka nilipokutana na maisha ya Paul Lazarsfeld.

Lazarsfeld alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1901, akasomea hisabati hadi shahada ya uzamivu, na baadaye akawa mmoja wa watu waliouunda upya utafiti wa kijamii nchini Marekani kutoka Chuo Kikuu cha Columbia. Katika ujana wake alikuwa mjamaa wa dhati. Mwaka 1931 alianzisha huko Vienna kituo cha utafiti wa saikolojia ya uchumi, ambacho kilipokea kazi za wafanyabiashara waliotaka kujua kwa nini watu wananunua au hawanunui bidhaa zao. Alipokuja kusimulia maisha yake miongo kadhaa baadaye, alieleza kwamba tafiti zile za masoko zilizaliwa pale alipotambua kuwa kwa upande wa mbinu hakuna tofauti kati ya kuchunguza jinsi mtu anavyoamua kukipigia kura chama cha kijamaa na jinsi anavyoamua kununua sabuni.

Mwaka 1935 alichapisha makala kuhusu ufundi wa kuuliza "kwa nini", na mfano alioutumia ndani yake ulikuwa wa kitabu. Ukimuuliza mtu kwa nini alinunua kitabu fulani, anaweza kukujibu kwamba orodha ya wanaokisubiri maktaba ilikuwa ndefu, na hapo anakueleza kwa nini alinunua badala ya kuazima. Anaweza kukuambia kinachomvutia kwa mwandishi yule, na hapo anakueleza kwa nini alichagua kile na siyo kingine. Anaweza pia kusema kwamba fedha ile alikusudia kuendea kwenye tamasha la muziki, akaona kitabu kinadumu zaidi. Majibu yote matatu ni ya kweli, na mhoji asiyejua ni lipi kati ya hayo analolitafuta atajumlisha vitu visivyojumlishika.

Nikilinganisha uangalifu huo na maswali tunayowauliza watoto wetu juu ya kusoma, naona tuko mbali sana. Swali letu kwa mtoto huwa ni moja tu: je, unaweza? Ni swali la lazima, na nitalirudia hapa chini. Lakini halitoshi kumjua msomaji, kama vile kumuuliza mtu iwapo ana mikono hakutoshi kujua kwa nini hafui kwa sabuni yako.

## Maktaba ya Marienthal

Fedha za utafiti wa bidhaa zilikisaidia kituo cha Lazarsfeld kuendelea kuishi, na ni watu wa kituo hichohicho waliofanya kazi ninayoiheshimu kuliko zote nilizosoma katika fani yangu. Kati ya mwisho wa mwaka 1931 na mwaka 1932, yeye, Marie Jahoda, Hans Zeisel na wenzao waliichunguza Marienthal, jumuiya ndogo karibu na Vienna iliyokuwa imejengwa kuzunguka kiwanda cha nguo. Kiwanda kilikuwa kimefungwa, na takriban robo tatu ya kaya zake 478 zilikuwa zimebaki bila ya mtu hata mmoja mwenye ajira ya kudumu.

Wale watafiti walijiwekea sharti kwamba hakuna miongoni mwao atakayeingia Marienthal kama mtazamaji tu. Kila mmoja alipaswa kuwa na kazi yenye faida kwa wenyeji. Wakagawa nguo, wakaleta daktari wa kutibu bure, wakaendesha mafunzo ya kukata na kushona. Kwetu sisi tunaoingia kwenye nyumba za watu na dodoso kisha tukatoka na kalamu ya zawadi, sharti hilo lina uzito wake.

Wahitimu wa sosholojia hulikumbuka zaidi tokeo la muda: wanaume waliokosa kazi walitembea polepole na kusimama njiani, siku ndefu ikawaponyoka bila ya kufanyika jambo. Mimi kilichonisimamisha ni maktaba. Wafanyakazi wa Marienthal walikuwa na maktaba yao, na kati ya mwaka 1929 na 1931 idadi ya vitabu vilivyoazimwa ilishuka kwa karibu nusu, ingawa zamani msomaji alilipia kuazima na sasa aliazima bure.

Muda ulikuwepo. Vitabu vilikuwepo. Ada ilikuwa imeondolewa.

Nilipousoma ukurasa ule kwa mara ya kwanza nilikuwa bado naamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba ukimpa mtu kitabu na nafasi ya kukisoma umemaliza kazi. Marienthal iliniambia kwamba kusoma kunategemea kitu cha tatu, nacho ni mtu kuona kwamba kesho yake ina nafasi ya yale atakayoyapata ndani ya kitabu. Tumaini likisinyaa, kitabu cha bure nacho kinabaki kwenye rafu.

Walichowauliza watoto kinanigusa zaidi. Waliwapa wanafunzi insha ya kueleza wanachotamani kupata Krismasi, kisha wakakadiria bei ya vitu vilivyotajwa. Matamanio ya watoto wa Marienthal yaligharimu takriban theluthi moja ya yale ya watoto wa vijiji jirani, na wengi wao hawakuandika "nataka", waliandika kwamba wangetaka, laiti wazazi wangekuwa na fedha. Hiyo ni mbinu ya utafiti wa walaji kwa asilimia mia moja, orodha ya bidhaa na bei zake, na bado imeingia ndani ya moyo wa mtoto kuliko mtihani wowote ambao ungeweza kutungwa.

## Vitabu vya Busia

Tukirudi kwetu Afrika Mashariki, miaka ya 1990 wilaya za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, zilipokea vitabu vya kiada katika mpango uliofuatiliwa na wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin. Shule zilizopata vitabu zililinganishwa na zile zilizokuwa bado hazijapata. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha kwamba kwa wastani vitabu havikupandisha alama za wanafunzi. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari wakifanya vizuri. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wa watoto wale, na wengi wao hawakuweza kuvisoma.

Miaka kadhaa baadaye, hapa Tanzania, jaribio kubwa lililohusisha shule 350 lilipeleka ruzuku ya fedha kwa baadhi ya shule, motisha kwa walimu katika nyingine, na vyote viwili kwa pamoja katika kundi la tatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 na Isaac Mbiti na wenzake. Ruzuku peke yake haikuongeza kujifunza. Palipounganishwa ruzuku na motisha, watoto walijifunza zaidi.

Nayataja haya nikijua kwamba yanaweza kutumiwa vibaya na mtu anayetafuta sababu ya kutonunua vitabu. Shule isiyo na vitabu ni dhuluma kwa mtoto, na sitakubali takwimu yoyote itumike kuihalalisha. Ninachosema ni kwamba kuhesabu makasha yaliyofika kijijini ni kuhesabu kazi ya dereva wa lori. Mtengenezaji wa bidhaa yoyote anayeishia hapo hufilisika, na sisi wa vitabu vya watoto hatufilisiki kwa sababu anayelipa siye anayesoma.

Katika fani yangu tunatenganisha mnunuzi na mtumiaji. Mama hununua maziwa ya kopo, mtoto ndiye anayeyanywa au kuyatema, na hakuna kampuni inayothubutu kumsahau yule wa pili. Kitabu cha hadithi cha Kiswahili kwa kawaida hununuliwa na serikali, mradi, mfadhili au shule ya binafsi. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, uliwasaidia sana wachapishaji wetu kwa kuwahakikishia ununuzi wa nakala na kuzipeleka shuleni, na bila ya utaratibu ule hadithi nyingi nzuri zisingechapwa kabisa. Lakini kila njia ya namna hiyo, hata iliyo njema, humfanya mwandishi na mchapishaji wageuze shingo kumtazama mlipaji. Mtoto anabaki kuwa mtu wa mwisho kukiona kitabu, baada ya kila mtu mwingine kukipitisha.

## Mlangoni kwa kaya

Mwaka 2010 Uwezo, mpango wa kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto majumbani kwao, ilipofanya tathmini yake ya kwanza Tanzania, niliitazama kwa jicho la kazi yangu kabla ya kuitazama kwa jicho la elimu. Ilikuwa sampuli ya kaya kama zetu: maeneo ya kuhesabia watu yanateuliwa ndani ya wilaya, kaya 20 zinachaguliwa katika kila eneo, wahoji wawili wa kujitolea wanakwenda mlango kwa mlango. Mbinu hiyo ilitokana na ASER, tathmini kama hiyo ya India iliyoanza mwaka 2005. Mtoto anapewa silabi, akiweza anapewa maneno, akiweza anapewa aya, akiweza anapewa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, na anapokomea ndipo panapoandikwa.

Matokeo yalikuwa kwamba katika kila watoto 10 wa darasa la tatu, takriban 3 tu waliweza kuisoma hadithi ya Kiswahili. Mmoja kati ya watano waliokuwa wakimaliza shule ya msingi hakuiweza.

Nilijiuliza kwa nini sisi, ambao tulikuwa tukibisha kwenye milango ileile miaka yote ile, hatukuwahi kuyaona hayo. Jibu nililipata kwenye namna tunavyochora sampuli. Utafiti wa walaji huzigawa kaya kwa madaraja ya kipato, na mara nyingi daraja la chini kabisa huachwa nje, hasa vijijini, kwa sababu wenye bidhaa hawatarajii kuwauzia. Mtoto asiyekuwa na kitu cha kununua hayupo kwenye ramani yetu. Uwezo ilimkuta kwa sababu ilimtafuta akiwa mtoto, awe shuleni au nyumbani, awe na sare au hana. Tangu siku ile sikuweza tena kuamini kwamba kuhamisha mbinu zangu kwenda kwenye usomaji kungetosha bila ya kubadilisha nani anahesabiwa.

Kulikuwa na sehemu ya pili ya wazo la Uwezo. Wahoji walimweleza mzazi palepale mlangoni kiwango cha mtoto wake, kwa matumaini kwamba mzazi akijua atachukua hatua: atafuatilia madaftari, atakwenda kumwona mwalimu, atauliza kwenye mkutano wa kijiji. Nililipenda wazo hilo kwa moyo wote. Mwaka 2014 Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai walichapisha uchunguzi wao wa vijijini Kenya, na hawakuona dalili za maana kwamba wazazi waliopewa taarifa zile walibadilika kuliko wale ambao hawakupewa.

Uchunguzi ule uliniuma, ingawa haukunishangaza. Mtu yeyote aliyewahi kufuatilia tangazo la biashara anajua umbali uliopo kati ya kusikia na kutenda. Mzazi lazima aielewe habari, aione kuwa mpya, aijali, aamini kwamba jambo hilo ni lake na siyo la mwalimu, ajue afanye nini, na aamini kwamba akifanya kitatokea kitu. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, hakuna linalotokea. Mama wa Mbagala alijua kwamba binti yake anasoma. Alichokuwa hana ni mtu wa kumwambia kwamba kusoma karatasi za maandazi ni jambo kubwa, na kitu kingine cha kumpa asome.

## Pamba, ndizi na samaki

Nchi hii ilikwisha kumuuliza msomaji, na ndiyo maana siwezi kuikubali ile sentensi ya kikaoni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa ulianza katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, makao yake yakiwa Mwanza, kwa ushirikiano wa serikali na UNESCO. Vitabu vya kwanza vya kusomea viliandikwa kufuata kazi za watu: mkulima wa pamba alijifunza herufi ndani ya habari za pamba, wa migomba ndani ya migomba, mvuvi ndani ya uvuvi. Watu wazima waliotoka shambani jioni walikaa chini ya miti wakasoma. Kampeni ikaenea nchi nzima, na kufikia mwaka 1986 serikali ilikuwa ikitangaza kwamba wasiojua kusoma na kuandika wamebaki chini ya asilimia 10, kutoka karibu theluthi mbili ya watu wazima miaka michache baada ya Uhuru.

Unaweza kubishana na usahihi wa tarakimu zile. Huwezi kusema kwamba watu wale hawakutaka kusoma.

Kilichofuata ni ukame wa maandishi. Walipomaliza vitabu vya kisomo wengi hawakuwa na kingine cha kusoma, na magazeti ya vijijini yaliyoanzishwa kuziba pengo hilo hayakudumu kwa nguvu zake za mwanzo. Wajukuu wa watu wale ndio tunaowaambia leo kwamba hawana utamaduni.

## Televisheni iliyowatazama watazamaji

Mwaka 1969, kabla Sesame Street, kipindi cha televisheni cha kuwafundisha watoto, haijaanza kuonyeshwa Marekani, watayarishaji wake walifanya jambo ambalo ningependa kila mchapishaji wa vitabu vya watoto alifikirie. Mtafiti Edward Palmer aliwaketisha watoto mbele ya televisheni na kuweka pembeni kioo cha picha zinazobadilika kila baada ya sekunde chache. Kila macho ya mtoto yalipohama kutoka kwenye kipindi kwenda kwenye picha, iliandikwa. Wataalamu walikuwa wameshauri vikaragosi visichanganywe na watu halisi wa mtaani, wakihofia kuwachanganya watoto akili. Vipindi vya majaribio vikaonyesha kwamba kila ilipokuja sehemu ya mtaani isiyo na vikaragosi, macho yalihama. Watayarishaji wakauweka kando ushauri wa wataalamu, wakavipeleka vikaragosi mtaani.

Hapa kwetu watu wa shirika la Ubongo, ambao vipindi vyao vya watoto vilianza mwaka 2014, nao huvipeleka vipindi mbele ya watoto kabla ya kuvimaliza. Katika vitabu vya hadithi jambo hilo bado ni nadra mno.

## Hofu niliyonayo

Kuna kitu kinachonizuia kulisema hili kwa sauti kubwa, nami sitaki kukificha. Mbinu zilezile zinazoweza kumsaidia mtoto apate kitabu anachokipenda ndizo zinazotumika kujua ni rangi gani ya pipi itamfanya amng'ang'anie mama yake dukani. Nimekaa kwenye vikao ambamo kilio cha mtoto kilijadiliwa kama njia ya mauzo. Nikisema mtoto atazamwe kama mtumiaji mwenye hiari yake, nafungua mlango ambao wengine watauingia kwa nia isiyo yangu.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa miaka mingi, aliniwekea hoja nyingine. Alisema mtoto hachagui dawa, na wala haulizwi kama anapenda jedwali la kuzidisha. Kuna mambo mtu mzima anayajua, na kusoma ni mojawapo. Nimelitafakari sana jambo hili. Nakubaliana naye kwamba kujifunza silabi si suala la kupiga kura, na kwamba tangu mtaala wa KKK uanze mwaka 2015 mkazo wa kusoma, kuandika na kuhesabu katika madarasa ya mwanzo ulikuwa unahitajika. Tunaachana pale mtoto anapokuwa tayari ameziweza silabi. Kuanzia hapo, kitakachoamua kama ataendelea kusoma ni kama anakipata kinachomvuta, na hilo hakuna mtu mzima anayelijua bila ya kumuuliza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

## Walichosema Temeke

Niliomba ruhusa, nikakaa na kikundi cha watoto wa darasa la tatu na la nne katika shule moja ya Temeke, kwa utaratibu uleule ninaoutumia kwenye majadiliano ya vikundi kuhusu bidhaa, ila bila ya kioo cha kuwachungulia na bila ya mteja wa kumpelekea ripoti. Mvulana mmoja alitaka kitabu cha kuonyesha fundi anavyofungua injini ya bodaboda, kila skrubu na jina lake. Msichana aliyekaa naye alisema amechoka na hadithi ambazo mtoto asiyesikia huliwa na fisi, akataka moja ambayo mtoto mkaidi alikuwa sahihi. Wengine walitaka vichekesho. Kadhaa walitaka maandishi makubwa, na mmoja aliyesema hivyo alikuwa akikisogeza kila kitabu karibu sana na uso wake, nikamwambia mwalimu wake kwamba apelekwe kupimwa macho.

Nilipouliza kwa nini hawachukui vitabu vya hadithi vilivyomo kwenye kabati la ofisini, walitazamana kwanza. Kisha msichana yuleyule akasema, "Kitabu cha shule ukikichana, mama analipa." Wote wakaitikia. Mwalimu mkuu naye alikuwa na sababu zake, kwa kuwa vitabu vile ni mali ya serikali na mkaguzi akija atavihesabu. Kila mtu alikuwa akikilinda kitabu, na kitabu kilikuwa salama kabatini, bila hata alama ya kidole.

Hakuna aliyesema hapendi kusoma.

## Sehemu ndogo ya ruzuku

Tangu enzi za MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ruzuku ya uendeshaji kwa shule za msingi za serikali imehesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na asilimia 40 yake imekusudiwa vitabu. Ninapendekeza kwamba kipande kidogo cha fungu hilo, hata cha kununulia nakala chache tu kwa kila darasa, kitengwe kwa vitabu visivyo vya kiada vinavyochaguliwa na wanafunzi wenyewe, na kwamba nakala hizo ziandikwe tangu mwanzo kuwa ni za kuchakaa, ili mwalimu mkuu asiulizwe na mkaguzi kwa nini zimechanika.

Nimekwisha kupewa pingamizi. Watoto watachagua upuuzi. Nami naamini atakayeanza na vichekesho na akavimaliza atatafuta kingine, na asiyeanza hatatafuta. Wachapishaji watashindwa kukisia idadi ya kuchapa. Hiyo ni kweli, na ni kazi ambayo watu wa fani yangu wanalipwa kila siku kuifanya kwa wauza soda. Shule za mbali hazitafikiwa. Hapo sina jibu kamili, isipokuwa kwamba sampuli itakayoanzia Dar es Salaam na kuishia Dar es Salaam nitaikataa mimi mwenyewe, na kwamba shule ya Kibondo au Nanyumbu inapaswa kuwamo tangu siku ya kwanza, wakiwamo watoto wa kaya ambazo madodoso yetu yamezoea kuziruka.

Utaratibu ninaouandaa ni huu. Kila kitabu kitakaa mikononi mwa watoto kwa muda wa kutosha, mtu mmoja akiwa pembeni akiandika ni ukurasa gani uliorudiwa, ni upi uliorukwa, na ni wapi mtoto alimwita mwenzake aje aone. Baada ya hapo watachagua. Baada ya kuchagua wataulizwa kwa nini, kwa maswali yanayotenganisha kwa nini kusoma na kwa nini kitabu hiki, na majibu yao yatafika kwa mwandishi na mchapishaji kabla ya toleo jingine kwenda mtamboni. Dodoso la kaya, kwa upande wake, limekwisha kuongezewa safu.